GPS ya mkononi: je, huandikwa katika kisanduku cha 10 cha fomu ya mpango wa safari ya ndege?

Mwanafunzi wa Ilemela

Wakubwa zangu, shikamooni, na wenzangu wa rika habari za jioni.

Mimi ni rubani binafsi mwenye leseni changa, na Jumamosi ijayo natarajia kuruka kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa Cessna 172 ya kukodi, kwa kanuni za kuruka kwa kuona, nikiwa na abiria mmoja ambaye ni shemeji yangu. Ndege yenyewe ni ya zamani. Ina redio moja ya VHF, ina kipokezi cha VOR (vituo vya redio vya ardhini vinavyoonyesha uelekeo) kinachofanya kazi na transponda (kifaa kinachoijibu rada) inayotoa kimo, lakini haina GPS iliyofungwa kwenye dashibodi. Ninachomiliki mimi ni kifaa cha GPS cha mkononi nilichopewa na kaka yangu, pamoja na tableti yenye programu ya ramani za anga. Vyote viwili nimevijaribu garini katika barabara ya Musoma, navyo vilikubaliana kila mahali niliposimama kuvilinganisha.

Swali langu linahusu kisanduku cha 10 cha fomu ya mpango wa safari, pale tunapotakiwa kuonyesha vifaa vya mawasiliano na vya kuongozea safari. Herufi G imeelezwa kuwa ni GNSS, yaani mfumo wa setilaiti, na maelezo mafupi yaliyo nyuma ya fomu niliyopewa hayasemi kwamba kifaa hicho lazima kiwe kimefungwa ndegeni. Mwenzangu mmoja ananiambia niandike G kwa sababu nitakuwa nacho mkononi, na mwingine ananiambia nikiandika nitakuwa nimetoa taarifa isiyo ya kweli katika hati rasmi. Hofu yangu ya pili ni kinyume cha hiyo: nisipokitaja kabisa, halafu nikapata matatizo juu ya ziwa, watu wa mnara wa kuongozea ndege watajuaje kwamba nilikuwa na uwezo wa kuwasomea mahali nilipo kwa nyuzi na dakika?

Kwa sasa fomu yangu inasomeka S/C, na herufi G nimeiweka kwa penseli nikisubiri maoni yenu.

Sangara Mkavu

Ndugu yangu, usijitese. Unaruka kwa kuona, mchana, katika hali nzuri ya hewa, na hakuna atakayekuja kufungua mlango wa ndege yako kuangalia kama GPS ina skrubu au ina kamba ya kuning'inizia shingoni. Setilaiti ni zile zile na mahali linaloonyeshwa ni lile lile. Mimi nimekuwa nikiandika G kwa miaka kadhaa nikiwa na kifaa cha mkononi na sijawahi kuulizwa neno. Andika G, ujaze mafuta, uende ukale senene.

Mzee wa Kirumba

Mwanangu, marahaba. Nimefanya kazi ya kuongoza ndege kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa mtu anayeipokea fomu hiyo. Ndugu Sangara ataniwia radhi nikimpinga.

Fomu hii tunaitumia kwa mfano uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Hati yake 4444, na muundo wa herufi tulionao ulianza kutumika tarehe 15 Novemba 2012. Pamoja na muundo huo yalikuja maelezo ambayo fomu nyingi zilizochapwa huku kwetu huyaacha kwa kukosa nafasi, nayo ndiyo yanayolijibu swali lako. Unapoandika herufi katika kisanduku cha 10 unathibitisha kwamba kifaa kimo ndegeni na kinafanya kazi, kwamba wewe rubani unazo sifa za kukitumia kwa kazi hiyo, na kwamba pale ambapo idhini ya mamlaka inahitajika, idhini hiyo ipo. Kifaa chako cha mkononi kinatimiza sharti la kuwemo ndegeni, nacho kikaishia hapo. Hakimo katika kumbukumbu za ndege, hakuna fundi aliyekisainia, na wala hakuna aliyekupa idhini ya kukitegemea kama chombo cha kuongozea safari.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili si la karatasi tu. Mahali ambapo rada haitumiki, mwongoza ndege hutenganisha ndege kwa taarifa anazopewa na marubani wenyewe. Mojawapo ya njia zilizomo katika Hati hiyo hiyo 4444 ni kutenganisha ndege mbili zinazofuatana kwenye njia moja na kimo kimoja kwa umbali wa maili 20 za baharini, yaani kilomita 37, na umbali huo huweza kupimwa kwa DME (kifaa cha redio kinachopima umbali hadi kituo cha ardhini) au kwa GNSS. Mwongoza ndege akiona G katika mpango wako ana haki ya kukuuliza umbali wako kwa GNSS kutoka kituo fulani, na jibu lako akalitumia kuamua kama ndege nyingine ishuke au isubiri. Yeye haoni kama unasoma chombo kilichothibitishwa au tableti iliyolala mapajani mwako. Ameona herufi, naye ameiamini. Ndugu Sangara anasema hajawahi kuulizwa. Mimi nimewahi kuuliza, nikajibiwa kwa kujiamini kabisa, na dakika chache baadaye rubani yule yule akaniomba radhi kwamba kifaa chake kilikuwa kimezimika na namba aliyonipa ilikuwa ya kabla ya kuzimika. Siku hiyo anga ilikuwa tupu, tukacheka. Lakini nisingependa kucheka mara ya pili.

Kwa hiyo futa G. Wala usiandike R, maana hiyo ni ya ndege zenye idhini ya kufuata njia kwa viwango maalumu vya usahihi, na anayeiandika hutakiwa kufafanua viwango hivyo baada ya PBN/ katika kisanduku cha 18.

Halafu kuna kosa jingine ambalo hukuliulizia. Umeandika S. Herufi hiyo hubeba vitu vitatu kwa pamoja, yaani redio ya VHF, VOR na ILS (mfumo wa redio wa kuongozea ndege kutua), na wewe katika maelezo yako hukutaja ILS popote. Marubani wengi wa ndege ndogo huandika S kwa mazoea kwa sababu waliiona imeandikwa hivyo na mwalimu. Kama ndege haina kipokezi cha ILS, andika kila kimoja kwa herufi yake: O kwa VOR na V kwa redio, kisha mkwaju (/), kisha C kwa transponda yako. Kisanduku chako kisomeke OV/C.

Kuhusu hofu yako ya pili, ambayo naiona ina msingi, nafasi yake ni kisanduku cha 18, baada ya RMK/, yaani maelezo ya ziada. Hapo unaweza kuandika maneno machache kama RMK/HANDHELD GPS ON BOARD na kila kituo kitakachopokea ujumbe wa mpango wako kitayasoma. Maneno hayo hayamruhusu mtu kukutenganisha na ndege nyingine kwa kifaa hicho, lakini yanamwambia kwamba ukiulizwa uko wapi unaweza kujibu kwa nyuzi na dakika. Andika kwa ufupi, kwa maana ujumbe huo hupita katika mitambo na husomwa na mtu mwenye kazi nyingi.

Fundi wa Redio

Naunga mkono aliyosema Mzee, nikiongeza upande wa vifaa, kwa kuwa hoja ya "setilaiti ni zile zile" huisikia karibu kila wiki karakana.

Ni kweli setilaiti ni zile zile. Mpokezi wowote huhitaji setilaiti nne ili kupata mahali na kimo. GPS iliyothibitishwa kwa safari za vyombo, yaani za kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege badala ya kuona nje, hutafuta ya tano ili ijikague, ijue kama mojawapo inadanganya, na ya sita ili imtenge mwongo huyo na kuendelea na kazi. Ikishindwa kujikagua hukuwashia onyo. Kifaa cha mkononi kwa kawaida hakitoi onyo la namna hiyo: mshale wake huendelea kukuonyesha mahali kwa utulivu ule ule, hata pale mahesabu yake yanapokuwa yameharibika. Ndiyo sababu hata Marekani, ambako vifaa hivi vimejaa katika ndege ndogo, mwongozo rasmi wa marubani unasema GPS ya mkononi haikubaliwi kuwa chombo cha kuongozea safari za vyombo, bali ni msaada wa kumsaidia rubani kufahamu mahali alipo.

Kuna pia mambo madogo ya kawaida yanayoudhi. Antena ya kifaa cha mkononi imo ndani ya ndege, chini ya bawa la juu la Cessna, kwa hiyo sehemu ya anga imezibwa. Chaja za bei nafuu zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti zinaweza kuleta mkwaruzo katika redio ya VHF. Washa chaja yako ukiwa bado chini, usikilize redio, na kama kuna mlio mpya ichomoe. Kuhusu tableti, hakikisha ina kipokezi cha GPS ndani yake, maana baadhi ya tableti zisizo na nafasi ya laini ya simu hazina kabisa, na hukisia mahali kwa kutumia mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani. Barabarani mjini utadhani inafanya kazi. Katikati ya Ziwa Victoria hakuna Wi-Fi.

Angalia pia jinsi kifaa chako kinavyoandika nyuzi, kama utanakili nukta zake kwenye kisanduku cha 15, cha njia ya safari. Fomu inataka nyuzi na dakika, kwa mfano 0218S03202E. Kifaa kilichowekwa katika nyuzi za desimali kitakuonyesha 2.30 kusini, na mwanafunzi mwenye haraka ataandika 0230S, ilhali 2.30 ni nyuzi 2 na dakika 18. Tofauti hiyo ya dakika 12 ni maili 12 za baharini, zaidi ya kilomita 22. Umekuwa mkweli katika herufi zote, na bado watu watakutafuta upande mwingine wa kisiwa.

Sangara Mkavu

Nimewasoma wote wawili. La kutenganisha ndege kwa umbali wa GNSS sikulifahamu, na nakubali kwamba hiyo ni sababu ya kutosha; tangu leo nitaacha kuandika G. Hata hivyo nabaki na neno langu moja: tusimtishe kijana akaiacha GPS nyumbani kwa kuogopa fomu. Bora anayo na hakuiandika kuliko kukosa vyote.

Mama wa Musoma

Hakuna aliyesema aiache, ndugu Sangara. Aichukue, aichaji usiku, na abebe betri za akiba.

Mimi ninaruka pande hizi za ziwa kwa ndege kama hiyo hiyo, na ningependa kijana wetu aifungue fomu ukurasa uleule, ashuke hadi kisanduku cha 19, ambacho naona hakuna aliyekigusa. Tumetumia nguvu nyingi katika herufi moja ya kisanduku cha 10, wakati kisanduku ambacho waokoaji hukiulizia kwanza wengi hukijaza kwa kalamu ya mwisho, wakiwa tayari wamesimama.

Mstari wa moja kwa moja kutoka Mwanza hadi Bukoba ni kama maili 95 za baharini, karibu kilomita 175, na sehemu yake kubwa iko juu ya maji. GPS itakuchorea mstari huo kwa rangi nzuri ya zambarau na itakuita uufuate. Fanya hesabu kabla ya kuitika. Uelekeo wako ni wa magharibi, kwa hiyo vimo vyako vya kuruka kwa kuona ni vile vya futi 6,500 au 8,500. Ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha futi 3,720 hivi juu ya bahari. Ukiwa futi 8,500 una futi 4,780 tu za hewa chini yako, na Cessna 172 iliyozimika injini huteleza takriban maili moja na nusu kwa kila futi 1,000. Hiyo ni maili 7, sawa na kilomita 13. Pima sasa kwenye ramani ni sehemu gani ya mstari ule ambayo nchi kavu haifikiki. Mimi hupita kusini, juu ya visiwa vya Kome, Maisome na Rubondo, kisha nafuata ufuko wa Muleba kuelekea kaskazini, na dakika ninazoongeza sijawahi kuzijutia. Njia hiyo iandike katika kisanduku cha 15 kama utakavyoipita. Ukiandika DCT, yaani moja kwa moja, halafu ukafuata visiwa, umewapa waokoaji mstari ambao hukuwahi kuupita.

Kisanduku cha 19 ndipo unapotaja jaketi za kujiokolea, mtumbwi wa mpira kama unao, rangi ya ndege, idadi ya watu, na mafuta yatadumu saa ngapi. Usichokuwa nacho unakikata kwa mstari. Palipoandikwa R/ acha E bila kukata endapo tu ndege ina kifaa kinachojiwasha na kuita msaada inapoanguka, na muulize mwenye ndege kinatumia masafa gani, kwa sababu setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya MHz 121.5 tangu tarehe 1 Februari 2009. Zinasikiliza MHz 406. Kama una kifaa chako binafsi cha kuita msaada, kitaje katika nafasi ya maelezo ya N/. Elewa pia kwamba kisanduku hiki, tofauti na RMK/ aliyoisema Mzee, hakisafiri na ujumbe kwenda Bukoba. Hubaki katika ofisi ulikowasilisha mpango, hadi kitakapoulizwa. Kwa hiyo andika kwa herufi zinazosomeka na uweke namba ya simu ya mtu atakayepokea.

Jaketi zivaliwe, mwanangu, zisiwekwe nyuma ya kiti. Sote tunaikumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoangukia ziwani jirani kabisa na kiwanja cha Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakapoteza maisha. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Hapo palikuwa karibu na ufuko na watu waliona kwa macho. Shemeji yako avae jaketi yenye rangi kali na filimbi, kwa sababu atakayemfikia kwanza huenda akawa mvuvi asiyekuwa na redio wala GPS.

Na kuhusu hali ya hewa, usidhani kwamba kuondoka mapema sana ni salama siku zote kama ilivyo nchi kavu. Juu ya ziwa radi hujengeka usiku, na upande wa magharibi zinaweza kuwa bado zimesimama asubuhi. Piga simu Bukoba kabla ya kuwasha injini.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni tableti. Yangu ilizimika kwa joto mara moja, ikiwa kwenye kioo cha mbele juani, tukiwa kati ya visiwa viwili. Kwa dakika kumi na tano nilisafiri kwa dira, saa na ramani ya karatasi, na kwa kuwa nilikuwa nimepiga mistari ya penseli kila maili kumi, sikupata shida. Kifaa cha mkononi kilicho kivulini ndicho kilichobaki kikifanya kazi, nacho nilikitumia kuhakikisha tu.

Mwanafunzi wa Ilemela

Nawashukuru sana. Nimeifuta G, nimeifuta S, na kisanduku cha 10 sasa kinasomeka OV/C. Nimethibitisha na mwenye ndege kwamba ILS kweli haipo. Kisanduku cha 18 nimeandika RMK/HANDHELD GPS ON BOARD bila kutaja tableti, kwa kuwa nimegundua kwamba yangu ni ile isiyo na nafasi ya laini. Fundi, umeniokoa aibu. Njia nimeibadilisha ipite visiwani. Kisanduku cha 19 kinaonyesha watu wawili, mafuta ya saa nne na nusu yaani E/0430, jaketi mbili ambazo nimeziazima, mtumbwi nimeukata kwa kuwa hatuna, na simu ya dada yangu aliyeko Mwanza.

Muda wa kuondoka nimeandika 1000, kwa kuwa tunaondoka saa nne asubuhi. Mpango nitauwasilisha saa moja na nusu kabla.

Mzee wa Kirumba

Vizuri, isipokuwa huo muda. Saa katika fomu ni za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Saa nne asubuhi ya Mwanza huandikwa 0700. Hiyo 1000 yako ni saa saba mchana.

Ukiondokea Mwanza mnara utaligundua kosa hilo, kwa sababu utakusikia ukiomba ruhusa ya kuondoka na utatuma Bukoba muda halisi ulioruka. Lakini chukulia siku unayoondokea kiwanja cha nyasi kisicho na mnara. Utafutaji huanza kufikiriwa dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa kufika na hukusikika. Ukiwa umeruka saa nne na ukatua majini saa nne na nusu, wanaokusubiri watakuhesabu bado hujaondoka, na hakuna atakayeinua simu ya dada yako hadi saa nane na zaidi mchana.

Andika 0700. Na ukishatua Bukoba uwaambie umefika, ili mpango ufungwe, kabla hujaenda kwenye hizo senene za Sangara.